Shukrani ya Aliyesalimika

Katika jamaa nyingi za Kivu na za Tanganyika, mtoto hufundishwa tangu udogo wake kupokea zawadi kwa mikono miwili. Akinyosha mkono mmoja tu, mama yake humkemea. Tena hamruhusu kukionja kile alichopewa kabla hajasema aksanti. Fundisho hilo laonekana kuwa dogo, lakini maana yake ni kubwa. Mwenye kunyosha mikono miwili hana kitu kingine mkononi. Aonyesha kwamba hakunyang'anya wala hakununua, bali amepewa. Na kabla ya kuitazama zawadi, amemtazama kwanza yule anayempa.

Kanisa nalo ni mama, na huwafundisha watoto wake vivyo hivyo. Katekisimu za zamani zilifundisha kwamba Sadaka ya Misa hutolewa kwa makusudi manne: kumwabudu Mungu, kumshukuru, kumwomba msamaha wa dhambi, na kumwomba neema. Katekisimu ya Kanisa Katolika iliyotangazwa mwaka 1992 inaihesabu shukrani kati ya namna kubwa za sala, pamoja na kuabudu, kuomba, kuwaombea wengine na kusifu. Hata jina la Ekaristia limetoka katika neno la Kigiriki lenye maana ya shukrani. Basi mkristu asiyeshukuru afanana na mtu aliyealikwa karamuni, akala na kunywa, asijue karamu ni ya nani.

Hayo yote ni rahisi kuyasema siku ya furaha. Lakini siku ya msiba yawa magumu. Tarehe 22 Mei 2021, wakati wa jioni, mlima Nyiragongo ulipasuka, na uji wa moto ukateremka upande wa mji wa Goma. Ulisimama kwenye kingo za mji, si mbali na uwanja wa ndege. Lakini upande wa kaskazini, huko Buhene na vijiji vya jirani, uliteketeza nyumba na mashamba, na watu wakafa. Kesho yake ilikuwa Sikukuu ya Pentekoste. Mkristu wa Goma aliyeamka na kuikuta nyumba yake ingali imesimama alisema, «Mungu asifiwe, ametuokoa.» Nani atamlaumu? Lakini mkristu wa Buhene, aliyesimama mbele ya mawe meusi yanayotoa moshi mahali palipokuwa nyumba yake, aliposikia shukrani ile aliwaza nini? Ikiwa Mungu aliilinda nyumba ya huyu, je, ya yule aliisahau? Ikiwa shukrani ya huyu ni ya kweli, yule mwingine aseme sala gani?

Swali hili si la Goma peke yake. Ni la kila mgonjwa aliyepona katika chumba ambamo mwenzake amekufa. Ni la kila jamaa iliyorudi nyumbani baada ya vita, ikakuta jamaa ya jirani haikurudi. Yafaa lichunguzwe polepole, kwa mwanga wa Injili.

1. Wakoma kumi

Mtakatifu Luka, katika sura ya kumi na saba ya Injili yake, asimulia habari za wakoma kumi waliomlilia Yezu kwa mbali. Yezu aliwaagiza waende kujionyesha kwa makuhani, na walipokuwa njiani wakatakasika. Mmoja wao, aliyekuwa Msamaria, alirudi akimtukuza Mungu kwa sauti kubwa, akaanguka miguuni pa Yezu akamshukuru. Yezu akauliza wale tisa wako wapi.

Mtu aweza kuwatetea wale tisa. Waliambiwa waende kwa makuhani, nao wakaenda. Kosa lao ni nini? Na kweli Injili haisemi kwamba ukoma uliwarudia. Zawadi waliyopewa iliwabakia. Hapo pana fundisho la kwanza: shukrani si bei ya zawadi. Mungu hakuwaponya ili washukuru kisha akawanyang'anya afya walipokosa kushukuru. Katika mmojawapo wa Utangulizi wa Misa, Kanisa laungama mbele ya Mungu ya kuwa yeye hana haja ya sifa zetu, na kwamba hata kule kumshukuru ni kipaji chake.

Basi wale tisa walipotewa na nini? Walikwenda na ngozi safi, lakini hawakurudi kwa yule aliyewaponya. Walipata afya, Msamaria alipata afya pamoja na Mwokozi. Mtakatifu Tomasi wa Akwino, mwalimu mkuu wa karne ya 13, alifundisha kwamba shukrani ina ngazi tatu: kwanza mtu autambue wema aliotendewa, pili atoe neno la shukrani, tatu arudishe wema kadiri ya uwezo wake, mahali na wakati ufaao. Naye asiye na shukrani huanguka kwa ngazi hizo hizo, na shimo lililo refu kuliko yote ni kutotambua hata kidogo kwamba ametendewa wema. Tena Mtakatifu Tomasi alifundisha kwamba katika shukrani moyo wa mtoaji hupimwa kuliko kitu chenyewe. Ndiyo sababu maskini aliyetoa kikombe cha maharage kutoka chungu kisichojaa hushukuriwa kuliko tajiri aliyetoa mbuzi asiyemhitaji.

Shukrani, basi, ni kuuona moyo wa mtoaji ndani ya zawadi. Palipo na ukweli huo, hapawezi kukosa bandia zake. Zipo shukrani tatu zilizovaa nguo za shukrani ya kweli, na mkristu apaswa kuzijua.

2. Shukrani iliyo malipo

Ya kwanza ni ile inayotaka kulipa, ili deni liishe. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme kuna habari za Naamani, mkuu wa jeshi la Siria, aliyekuwa na ukoma. Nabii Elisha alimwagiza aoge mara saba katika mto Yordani, akapona. Naamani alirudi na fedha na dhahabu na mavazi, akamsihi nabii apokee. Elisha akakataa kabisa. Kwa nini? Si kwamba Naamani alikosa kushukuru, alishukuru vizuri. Lakini nabii hakutaka mgeni yule arudi kwao akidhani ya kuwa Mungu wa Israeli ana bei kama mganga wa sokoni.

Gehazi, mtumishi wa Elisha, aliona hasara. Alikimbia nyuma ya gari la Naamani, akasema uongo, akapokea talanta mbili za fedha na mavazi mawili. Alipata fedha ya Naamani, akapata na ukoma wake.

Watu wa Kongo hawana haja ya kufafanuliwa sana habari za Gehazi. Neno matabishi, ambalo lilikuwa jina la zawadi ndogo ya mtu aliyefurahi, leo mara nyingi ni jina la kitu kinachodaiwa kabla ya kazi kufanywa. Karatasi haipigwi muhuri, mgonjwa haonwi, mwanafunzi hapewi matokeo yake, mpaka «ameshukuru». Hivyo neno takatifu limegeuzwa kuwa ufunguo wa mlango wa wizi. Shukrani inayodaiwa si shukrani. Ni kodi isiyo na sheria.

Mwenye heri Floribert Bwana Chui alilijua jambo hilo. Alizaliwa Goma mwaka 1981. Alifanya kazi ya kukagua bidhaa mpakani, na wafanyabiashara walimpa fedha ili aruhusu vyakula vilivyoharibika viingie nchini. Alikataa. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa, akateswa, akauawa, hali umri wake ni miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, Kanisa lilimtangaza kuwa mwenye heri. Wale waliomletea fedha wangeweza kumwambia kwamba ni asante tu. Yeye alifikiri juu ya wale watakaokula, ambao hawakujua hata jina lake, wala hawangemletea asante yoyote. Huko ndiko kufanya kazi ya Elisha, si ya Gehazi.

Hata katika sala, Gehazi hujificha. Kuna mkristu anayemwahidi Mungu mbuzi kwa ajili ya kanisa akipata kazi. Akiipata, hupeleka mbuzi, na tangu siku hiyo haonekani tena. Amekwisha kulipa. Nadhiri iliyotolewa kwa upendo ni njema, na Kanisa haliikatazi. Lakini yule anayetoa ili awe huru, asidaiwe upendo tena, amemfanya Mungu kuwa mwenye duka.

3. Shukrani inayojipima na jirani

Ya pili ni ya hatari zaidi, kwa sababu hutoka kinywani mwa watu wa sala. Yezu alisimulia mfano wa Mfarisayo na mtoza ushuru waliopanda hekaluni kusali. Wengi husahau kwamba sala ya Mfarisayo ilikuwa sala ya shukrani. Hakuomba kitu, alishukuru tu. Lakini alishukuru kwa kuwa yeye si kama wengine, wala si kama yule mtoza ushuru aliyesimama nyuma. Jicho moja lilimtazama Mungu, jicho lingine lilimpima jirani.

Hapo ndipo linapotatuliwa swali la Goma. Aliyesalimika akisema, «Aksanti Mungu, kwa nyumba hii,» anashukuru kwa ajili ya nyumba. Akisema moyoni, «Aksanti Mungu, kwa kuwa nimeokoka mimi na si yule; yaonekana wanipenda kuliko yeye,» anashukuru kwa ajili ya tofauti. Nyumba ni zawadi ya Mungu. Tofauti si zawadi. Nyumba ilikuwa zawadi hata Jumamosi asubuhi, kabla mlima haujapasuka, wakati ambapo huenda hakuna aliyefikiri kuishukuru. Hatari haikuifanya kuwa zawadi. Ilimfumbua macho mwenyewe. Hali kadhalika nyumba ya yule wa Buhene ilikuwa zawadi kwa miaka yote iliyosimama, nayo haiachi kuwa ilikuwa zawadi kwa sababu imeungua.

Yezu mwenyewe alifunga mlango wa mawazo mabaya juu ya jambo hili. Katika sura ya kumi na tatu ya Luka, awakumbusha wasikilizaji wake habari za watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu wakafa, naye akana kabisa kwamba walikuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Uji wa moto wa mlima hufuata mteremko wa nchi. Haufuati daftari la dhambi za watu. Mwaka 2002, tarehe 17 Januari, ulipita katikati ya mji wa Goma mpaka ziwa Kivu, ukateketeza maelfu ya nyumba, na hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Nani atasema kwamba nyumba ya Mungu iliungua kwa sababu Mungu hakuipenda? Na aliyesalimika mwaka 2021 huenda ni yule yule aliyeunguliwa mwaka 2002. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, husema wahenga. Lakini mkristu amekatazwa kutomjua.

4. Shukrani inayomsingizia Mungu

Ya tatu hutoka kwa watu wenye nia njema wasiofikiri vya kutosha. Wanaingia nyumbani mwa mama aliyefiwa na mtoto, nao wanamwambia, «Shukuru, Mungu ndiye aliyetaka.» Mama akilia sana, wanamwambia hana imani. Wanataja mafundisho ya Mtakatifu Paulo, kwamba mkristu ashukuru katika mambo yote.

Ni kweli Paulo aliwaandikia hivyo Wathesalonike. Na kwa Waefeso aliandika kwamba washukuru siku zote kwa ajili ya yote. Lakini Kanisa halikufundisha kamwe kwamba dhambi ni kipaji cha Mungu, wala kwamba uovu wa mwuaji ni zawadi ya kupokewa kwa mikono miwili. Mungu hatendi ubaya. Huuacha utendeke, kwa siri ambayo hakuifunua yote, na uwezo wake ni kutoa wema hata katika ubaya. Basi mkristu hushukuru katika msiba, kwa sababu hata humo Mungu hakumwacha. Hashukuru kwa ajili ya risasi, wala kwa ajili ya ubakaji, wala kwa ajili ya nyumba iliyochomwa na watu waovu. Kumwambia mtu ashukuru kwa hayo ni kumtia Mungu katika kundi la waovu, na ni kumwongezea mfiwa jeraha la pili.

Kitabu cha Yobu charudiwa mara nyingi kwa maneno yake ya mwanzo tu, pale mtu yule mwenye haki alipolibariki jina la Bwana baada ya kupotewa na mali na watoto. Wachache huendelea kusoma. Katika sura nyingi zinazofuata Yobu analia, anauliza, anamshitaki Mungu uso kwa uso. Rafiki zake wanamtetea Mungu kwa maneno mazuri, wakitaka Yobu akubali kwamba msiba ni adhabu ya haki. Mwishoni Mungu anawakasirikia rafiki wale, na kusema kwamba hawakunena yaliyo sawa kama Yobu. Mungu hapendi kutetewa kwa uongo. Apenda kuliliwa kwa kweli.

5. Machozi na shukrani katika moyo mmoja

Je, mtu aweza kulia na kushukuru pamoja? Jibu li katika Bwana wetu mwenyewe. Mtakatifu Yoane asimulia kwamba Yezu alilia mbele ya kaburi la rafiki yake Lazaro. Na hapo hapo, jiwe lilipokwisha kuondolewa, aliinua macho yake akamshukuru Baba. Hakungoja machozi yakauke. Hakusema kwamba machozi yalikuwa upungufu wa imani. Kinywa kilichoshukuru na macho yaliyolia vilikuwa vya mtu mmoja, naye ni Mwana wa Mungu.

Usiku wa Alhamisi Kuu ulikuwa mzito zaidi. Yezu alijua kwamba mmoja wa kumi na wawili amekwisha kumwuza, na kwamba Petro atamkana kabla ya mapambazuko. Usiku huo ndipo alipotwaa mkate, akashukuru. Hakushukuru kwa ajili ya fedha za Yuda. Alimshukuru Baba, ambaye usaliti haukuweza kumwondoa. Akautwaa mwili wake, uliokuwa karibu kunyang'anywa kwa nguvu, akautoa yeye kwanza, kwa hiari. Wauaji hawakupata cha kunyang'anya. Walikuta kimekwisha kutolewa. Kila Misa inayoadhimishwa, katika kanisa kuu la mawe au chini ya turubai la kambi ya wakimbizi, yatoka katika shukrani ile ya usiku wa kusalitiwa. Ndiyo sababu Kanisa halikungoja amani ndipo lishukuru. Kama lingengoja, lisingaliadhimisha Misa hata moja.

Tena msalabani Yezu alianza kuisali Zaburi ya ishirini na mbili, ambayo mwanzo wake ni kilio cha mtu aliyeachwa, na mwisho wake ni sifa katikati ya kusanyiko kubwa. Njia ya kutoka kilioni mpaka sifani imo ndani ya sala moja. Wengine huipita kwa siku tatu, wengine kwa miaka thelathini. Mfiwa ambaye leo hawezi kushukuru asisukumwe. Siku itakuja ambapo atamshukuru Mungu, si kwa kifo cha mtoto, bali kwa mtoto mwenyewe, kwa miaka minne aliyoishi, kwa kicheko chake na jina lake. Shukrani hiyo ni yake, na hakuna wa kumwamuru aitoe kabla ya wakati. Kazi ya wengine ni kuketi pamoja naye mkekani na kulia pamoja na wenye kulia, kama Paulo alivyowaagiza Warumi.

6. Shukrani inayozaa shukrani

Labaki swali la mwisho. Aliyesalimika ameikuta nyumba yake. Ameshukuru kwa ajili ya nyumba, hakushukuru kwa ajili ya tofauti. Je, yatosha?

Haitoshi. Ngazi ya tatu ya Mtakatifu Tomasi yangali mbele yake: kurudisha wema. Lakini Mungu hana njaa, wala nyumba yake haikuungua, atarudishiwa nini? Mtume Paulo alipokusanya michango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, aliwaandikia Wakorinto juu ya jambo hili. Aliwasifu wakristu wa Makedonia, ambao walikuwa fukara na wenye mateso, na bado walitoa kuliko uwezo wao. Kisha akaonyesha kwamba mchango ule hauondoi tu upungufu wa watakatifu, bali hufurika katika shukrani nyingi kwa Mungu. Yaani, mwenye kupokea msaada naye apata sababu ya kushukuru.

Maneno hayo yajibu swali la mkristu wa Buhene. Aseme sala gani? Hajui aseme nini, mpaka amebisha mlango wa yule aliyesalimika, na mlango ukafunguliwa. Siku zile za Mei 2021, wakati wengi wa Goma walipoagizwa kuuhama mji kwa hofu ya mlima, watu walipokewa Sake, Bukavu, na hata ng'ambo ya mpaka, katika Rwanda. Wenyeji waliofungua milango hawakuwa matajiri. Walitoa mkeka, sufuria, maji. Penye mlango uliofunguliwa, aliyepoteza aliweza naye kusema aksanti. Na kwa aksanti hiyo alirudishwa katika kusanyiko la wanaoshukuru. Shukrani ya aliyesalimika haikamiliki kinywani mwake mwenyewe. Hukamilika kinywani mwa mwenzake.

Lakini mwenye kutoa asingoje kushukuriwa. Yezu aliagiza kwamba mtu akifanya karamu awaalike maskini na vilema, wasioweza kumwalika tena. Anayegawa unga huku akihesabu ni nani aliyepiga magoti, amerudi kwa Gehazi.

Imani yenyewe ilipita njia hii. Mapadri wa kwanza na makatekista wao walitembea kwa miguu kutoka kijiji mpaka kijiji kando ya ziwa Tanganyika. Stefano Kaoze aliipokea imani hiyo, na tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville, pale panapoitwa leo Kirungu, alipewa upadri, naye akawa padri wa kwanza Mkongo wa nyakati hizi. Je, alishukuruje? Hakubaki mtoto wa misioni anayesema aksanti kwa wageni maisha yake yote. Alisimama altareni, akawagawia wengine kile alichopewa. Shukrani haimfanyi mtu kuwa mtumwa wa aliyempa. Humfanya naye kuwa mtoaji.

7. Zoezi la jioni

Mtakatifu Ignasi wa Loyola, alipofundisha namna ya kuchunguza dhamiri, hakuanza na dhambi. Jambo la kwanza ni kumshukuru Mungu kwa mema yaliyopokewa, ndipo mtu aombe mwanga na kuzitafuta dhambi zake. Asiyejua amepewa nini hawezi kujua amekosa nini.

Katekista aweza kulifundisha zoezi hilo kwa njia fupi, hata kwa watoto wa komunyo ya kwanza. Jioni, kabla ya kulala, mkristu ataje zawadi moja ya siku hiyo, si kwa maneno ya jumla, bali kwa jina lake: maji yaliyopatikana kisimani, homa iliyoshuka, mtoto aliyerudi salama kutoka shuleni. Kisha ataje mtu ambaye kwa mikono yake Mungu aliituma zawadi hiyo, maana mara nyingi ni mtu asiyeshukuriwa na yeyote. Kisha ataje mtu mmoja ambaye leo amekosa zawadi hiyo hiyo: yule aliyerudi kutoka kisimani na ndoo tupu, yule ambaye homa ya mtoto wake haikushuka. Amwombee kwa jina. Na kesho yake asubuhi, kama uwezo upo, apite nyumbani kwake.